Kila Sauti na Diwani Yake

Watu wa pwani yetu hii, kwa habari ya nyimbo, tumegawanyika mafungu matatu. Kuna aliyezifungia zote kwa kufuli moja, asitake kujua ipi ni ipi. Kuna aliyeziachia mlango wazi, kila lipitalo masikioni mwake akalikaribisha kama mgeni wa heshima. Na kuna fungu la tatu, nalo ndilo kubwa: hawa hukataza mchana mbele za watu, na usiku harusini hutikisa vichwa.

Ndugu msomaji, sikuketi hapa kumfedhehesha yeyote katika hao, wala sikuketi kutoa fatwa. Suala la nyimbo na ala wanazuoni wamelizungumza tangu zamani wakakhitalifiana. Wako walioziharimisha ala, na hao ni wengi. Yuko Ibn Hazm wa Andalusi, aliyezipima hadithi za kukataza akaziona dhaifu. Na yuko Imamu Ghazali, aliyeweka kitabu kizima ndani ya Ihyaa juu ya kusikiliza, akapambanua wakati, mahali na watu. Mwenye kutaka hukumu na awaendee wenye elimu walio karibu naye. Mimi nataka kusimulia jambo jingine, nalo ni lile nililolipata baada ya kusikiliza kazi za waimbaji kadhaa, tangu mwanzo wao hadi mwisho wao, kwa muda wa miezi mitatu.

Huenda ukauliza: mwalimu wa chuo, mtu wa miaka 66, ana shughuli gani na waimbaji? Sababu yake ni hii. Dada yangu mkubwa alifariki mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika alivyoviacha ni sanduku la bati lenye kaseti 63. Wanawe ni watatu. Mkubwa, ambaye ni kijana mwenye kushika dini, alisema zitiwe moto ili mama yake asiandikiwe dhambi kaburini. Binti alisema hizo ndizo sauti za nyumba waliyolelewa, na atakayezichoma amchome naye. Mdogo wao wa kiume alileta habari ya mnunuzi kutoka ng'ambo, mwenye kutafuta kaseti za zamani, atoaye bei nzuri. Maneno yakawa makali, hata salamu zikakatika baina ya watu waliotoka tumbo moja. Ndipo wakaniletea mimi, mjomba wao.

Nikawaambia, "Wanangu, kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza. Nipeni sanduku."

Basi kila siku baada ya Alasiri, watoto wa chuo wakisha kwenda zao, nilikuwa nikifunga mlango na kusikiliza. Na kwa kuwa kaseti moja ni kipande tu cha kazi ya mtu, nilimwomba mjukuu wangu anitafutie kwa simu yake kazi nyingine za waimbaji hao hao, azipange kwa miaka. Alifanya hivyo kwa furaha, akaongeza na mmoja wa kwake, nitakayemtaja mbele.

Mshairi akifa hukusanywa mashairi yake yote, tukayaita diwani. Hatumpimi kwa ubeti mmoja. Twafungua diwani tuone alianzaje, alisema nini ujanani, na uzeeni alikumbuka nini. Mwimbaji naye ana diwani, ila yake imeandikwa hewani, ikanaswa katika santuri na kaseti. Sisi twaisikia kwa vipande, wimbo huu harusini, na ule redioni, kisha kwa kipande hicho twasifu au twalaani. Nilipozisikiliza diwani hizi nzima, niliona mambo ambayo kipande kimoja hakiwezi kuyaonyesha.

Nilianza na bibi yetu, Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika watu wa hali ya chini, akapewa jina la Mtumwa. Kazi ya kwao ilikuwa kufinyanga vyungu, naye alikuwa akivitembeza mjini kuviuza. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa sababu ya sauti yake. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, nazo ni miongoni mwa santuri za mwanzo za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Santuri za siku zile zilichukua kama dakika tatu tu kila upande. Kwa hiyo ukimsikiliza leo utadhani alikuwa mtu wa maneno machache, kumbe ni chombo kilichomkata. Sauti yenyewe imefunikwa na mkwaruzo kama mvua juu ya makuti. Lakini kaza sikio. Miongoni mwa nyimbo za mapenzi na mzaha, utakuta wimbo wake mashuhuri, Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na walioadhibiwa wakawa ni wale waliokuja kutoa ushahidi. Mwanamke asiyekwenda shule, aliyezaliwa na jina la utumwa, alisimama mbele ya watu akasema kuwa haki imepinduliwa, na maneno yake yamedumu kuliko hukumu ya mahakama ile. Aliyemsikia Siti katika wimbo wa mzaha tu hakumjua Siti.

Kisha nikaingia kwa Ummu Kulthum wa Misri. Kaseti za dada zilikuwa na nyimbo zake nyingi zilizotolewa redioni. Huyu ni mtoto wa imamu wa kijiji kimoja cha Delta ya Naili. Alisoma Qur'ani katika chuo cha kijijini, na utotoni alizunguka pamoja na baba yake na kaka yake wakiimba kasida za dini, naye akivishwa nguo za kiume ili isiwe aibu kwa familia. Katika miaka ya 1920 alihamia Kairo. Kwa miaka mingi Alhamisi ya kwanza ya mwezi ilikuwa ni usiku wake, na redio ya Kairo ikimpeleka katika nchi zote za Kiarabu, na huku kwetu pia waliokuwa na redio walimpata.

Ewe mwalimu mwenzangu wa chuo, msikilize huyu kwa sikio la kazi yako. Utasikia kila herufi imetoka mahali pake, qafu haikugeuka kafu, wala hau haikugeuka hee. Utasikia anajua pa kuvuta na pa kusimama, na pumzi yake haimkatikii katikati ya neno. Hayo hakuyapata Kairo, bali ni matunda ya fimbo ya mwalimu wa kijijini. Nilipokuwa nikimsikiliza niliwafikiria watoto wangu wa chuo wanaonung'unika nikiwarudisha herufi moja mara kumi. Mafunzo ya utotoni hayapotei. Yatakwenda na mtoto popote aendako, hata pale ambapo mwalimu wake hakupenda aende.

Na diwani yake ina milango mingi. Alipoingia mjini aliimba pia nyimbo nyepesi za mtindo wa siku zile. Katika miaka ya 1940 aliimba kasida za Ahmad Shawqi za kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Mwaka 1966 aliimba al-Atlal, maneno ya Ibrahim Nagi, wimbo ambao peke yake waweza kuchukua karibu saa nzima. Na Misri iliposhindwa vitani mwaka 1967, alizunguka miji na nchi akiimba, hata Paris alifika, na mapato akayatoa kwa taifa lake. Alifariki mwaka 1975. Sasa niambie, huyu utamhukumu kwa mlango upi? Aliyeingia kwa mlango wa mapenzi amesikia mapenzi tu, na aliyeingia kwa mlango wa kasida alitokwa na machozi. Nyumba ni moja.

Nikarudi nyumbani Mombasa. Kaseti zilizochakaa kuliko zote katika sanduku lile zilikuwa za Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Bhalo alizaliwa Malindi, na wengi wetu twamjua kwa tuni zake zilizofanana na za filamu za Kihindi. Wako waliombeza kwa ajili hiyo, wakasema ameazima. Nami nasema, sikiliza maneno. Mengi katika aliyoyaimba ni mashairi ya Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita, kitabu kilichotolewa mwaka 1971. Tuni imetoka ng'ambo, lakini vina na mizani havikuyumba, na lugha ni ile ya wazee wetu, yenye mafumbo ambayo kijana wa leo hawezi kuyafumbua bila ya kumuuliza bibi yake. Ni kama jahazi lililotiwa mashine, ambalo bado lasafiri katika bahari ile ile. Miaka yake ya mwisho aliziacha nyimbo, na mwaka 2014 akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Zein, mtu wa Lamu, alishika njia nyingine. Yeye aliliachia udi lizungumze kwanza, taratibu, kama mzee anayetafuta miwani kabla ya kusoma barua. Kisha sauti huingia, nzito na ya utulivu, isiyomfukuza mtu. Alifanya kazi pamoja na Ahmed Sheikh Nabhany, bingwa wa lugha yetu na mhifadhi wa mashairi ya kale, na kupitia kwake watu wasiowahi kufungua kitabu cha mashairi ya Lamu wameyahifadhi kwa moyo. Lau si nyimbo hizi, ni maneno mangapi ya Kiamu na Kimvita yangekuwa yamezikwa pamoja na waliokuwa wakiyasema?

Yule wa mjukuu wangu ni Yusuf Islam, Mwingereza. Kiingereza changu ni cha kubabaisha, basi kijana aliketi kando yangu akinifasiria. Mtu huyu alizaliwa London mwaka 1948, akajulikana kwa jina la Cat Stevens, na katika miaka ya 1970 alikuwa na umaarufu na mali. Nyimbo zake za wakati ule ni za mtu anayetafuta njia na hajui aulize wapi. Mwaka 1976 alikaribia kufa maji katika pwani ya California, akamwomba Mungu amwokoe. Ndugu yake alimpa tafsiri ya Qur'ani, na mwisho wa mwaka 1977 akasilimu. Baada ya muda mfupi akaacha muziki, magitaa yake yakauzwa na fedha zikaenda katika sadaka. Mwaka 1983 akaanzisha shule ya watoto wa Kiislamu London. Mwaka 1995 alitoa sira ya Mtume kwa kuisimulia. Kisha, baada ya gitaa moja kuingizwa nyumbani na mwanawe, akarudi, na mwaka 2006 akatoa tena mkusanyiko wa nyimbo za namna ile ya zamani.

Wako Waislamu waliomlaumu alipoacha, na wako waliomlaumu aliporudi. Nami kilichonigusa katika diwani yake ni ile miaka mingi asiyoimba. Kijana alikuwa akisogeza kidole, akasema, "Babu, hapa hana kitu." Nikamwambia, "Hapo ndipo pana kitu kikubwa kuliko vyote. Mtu ambaye dunia nzima ilitaka kumsikia alinyamaza kwa sababu aliogopa kumkosea Mola wake." Baadaye alipoona kuwa aweza kurudi kwa adabu nyingine, ni hesabu yake na Mungu. Lakini ule ukimya ni katika kazi zake, nao uhesabiwe.

Baada ya safari hii nilipata mambo matatu. La kwanza, kipande kimoja cha kazi ya mtu si ushahidi uliotimia, na asiyemsikiliza mtu mpaka mwisho asiwe na haraka ya kumpeleka peponi wala motoni. La pili, sauti ni mtumishi wa neno, na ukitaka kujua thamani ya mtumishi tazama ni bwana gani aliyemtumikia kwa muda mrefu zaidi. La tatu ndilo lililonishughulisha hata usingizi, nalo lilitoka katika sanduku la dada mwenyewe.

Dada hakuwa na vyombo vya fundi. Aliweka redio kaseti yake mbele ya redio ya mumewe, akabonyeza, na kila kilichosikika chumbani kikaingia ndani ya kaseti: mlango, kuku, mtoto anayelia, sufuria iliyoanguka. Nikiwa nasikiliza wimbo mmoja mrefu, kwa mbali nyuma yake nikasikia adhana ya msikiti wa mtaa wetu. Mara, tap! Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Nikadhani kaseti ni mbovu. Kaseti nyingine, ikawa vivyo hivyo: adhana, tap, kimya. Nikaanza kuandika katika daftari. Mpaka namaliza sanduku zima, nimehesabu kaseti 11 zilizokatika kwa namna hiyo. Katika mojawapo sauti yake yasikika wazi akiwaambia wanawe, "Zimeni, mwito huo." Mmoja anamjibu, "Mama, wimbo wakaribia kwisha." Naye akasema, "Na sisi twakaribia kwisha. Zima."

Ewe ndugu yangu, mimi ni mtu mzima, nimefundisha chuo miaka mingi, lakini siku ile niliketi nikashindwa kuinuka. Nilikuwa nimetumwa kupima diwani za waimbaji, kumbe msikilizaji naye ana diwani yake. Alichochagua, alichokirudia, na mahali alipokatiza, yote yameandikwa. Na Mola wetu ametufundisha katika Sura Yasini kwamba huandikwa tuliyoyatanguliza pamoja na athari tulizoziacha.

Nikawaita wapwa wangu watatu, wakakaa. Kwanza niliwakumbusha kwamba kaseti hizi ni mali ya mirathi, na hakuna mrithi mwenye haki ya kuchoma au kuuza fungu la mwenzake. Kisha nikawaeleza nilivyozigawa katika daftari langu. Kaseti 4 ni za harusi, zilizorekodiwa ndani kwa wanawake. Hizi nilipozitambua nilizizima, sikuendelea. Nikawaambia: sauti za mama zenu na majirani zao wakicheka ndani kwao ni amana, haziuzwi wala hazitoki nje, akae nazo binti. Kaseti 2 zina vijembe vya kuwataja watu kwa majina, na wengine bado wako hai. Hiyo ni ghiba hata ikipigiwa kinanda, zifutwe. Kaseti 7 ni za maulidi na mawaidha, zitolewe wakfu kwa chuo. Zimebaki 50: kila mvulana 20, na binti 10, kama sheria ilivyogawa.

Kisha nikawawekea ile kaseti ya "zima". Walisikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Mkubwa ndiye aliyekuwa amejibu kwamba wimbo wakaribia kwisha. Alikuwa na umri wa kama miaka tisa wakati ule. Akasema, "Mjomba, mimi bado sizitaki hizi ala nyumbani kwangu. Lakini fungu langu nampa dada yangu." Sikumlazimisha abadili rai yake, kwani ina wanazuoni nyuma yake, nami namheshimu kwa kuishika. Mdogo wao alichukua 20 zake, akaomba zitolewe katika zile zisizokuwa na adhana. Kama ataziuza ni haki yake. Zile 11 zimebaki kwa binti, na salamu zimerudi baina yao, alhamdulillahi.

Nyinyi wazazi mliobaki na watoto wenye simu mikononi, zamani nyumba ilikuwa na redio moja, na kila mtu alisikia alichosikia mwenzake. Leo kila kijana ana kisikizi chake masikioni, na diwani yake haijui hata mama yake. Kumnyang'anya simu ni kazi ya siku moja, kesho atapata nyingine. Kazi yenye faida ni kuketi naye, kama nilivyoketi na mjukuu wangu, ukamuuliza: huyu unayemsikiliza alianza wapi? Anasema nini? Maneno haya waweza kuyasema mbele ya bibi yako? Na adhana ikilia, mkono wako wakwenda wapi? Kijana anayeulizwa kwa upole hujifunza kujiuliza mwenyewe.

Nasi watu wazima tujiulize pia. Miaka mingi ndimi zetu na masikio yetu yanaandika. Tukifa, mtu akafungua sanduku letu akalisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, atakuta tulikatiza wapi, na kwa ajili ya nani?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale wasikiao maneno wakafuata yaliyo mema zaidi, awarehemu maiti wetu, na aziunganishe nyoyo za ndugu waliofarakana kwa ajili ya vitu vya dunia. Amin.